Kapelini: Samaki Mdogo wa Bahari ya Baridi

Dagaa unamfahamu. Pengine umemla jana kwa ugali. Umemwona akianikwa mchangani au juu ya chanja, na umemnunua sokoni kwa kopo. Samaki tutakayemsoma hapa ni mdogo pia, na watu wa kwao humvua, humkausha na kumla kama tufanyavyo sisi. Lakini haishi katika maji kama ya kwetu. Anaishi katika bahari za kaskazini ya mbali sana, ambako wakati wa baridi maji huganda yakawa barafu na mtu akaweza kutembea juu yake. Samaki huyo anaitwa kapelini.

Kapelini si dagaa. Wala dagaa wa Ziwa Tanganyika na dagaa wa Ziwa Victoria si wa ukoo mmoja, ingawa sisi tumewapa jina moja. Kinachowafanya wafanane ni maisha yao. Wote ni wadogo, wote huenda kwa makundi makubwa, hula vitu vidogo, na wao wenyewe huliwa na karibu kila kiumbe aliye mkubwa kuliko wao. Samaki wa namna hii watu humdharau. Bei yake ni ndogo, na mvuvi hasifiwi kwa kumpata. Hebu tuone yaliyowafika watu wa kisiwa kimoja wakati samaki huyu alipopungua.

Umbo lake

Chukua penseli mpya, ambayo haijachongwa. Kapelini aliyekomaa ana urefu wa sentimita 15 hadi 20, yaani karibu sawa na penseli hiyo. Mwili wake ni mwembamba. Mgongo ni wa kijani kilichokolea, mbavu zinang'aa kama fedha, na tumbo ni jeupe. Dume ni mkubwa kuliko jike. Wakati wa kuzaa ukikaribia, dume huota magamba marefu ubavuni, yakawa kama ukanda wa manyoya. Kwa sababu ya ukanda huo wataalamu walimpa jina la Kilatini lenye maana ya "mwenye manyoya". Haishi siku nyingi. Wengi hawapiti miaka mitano.

Maji anayoyapenda

Kama darasani kwenu mna ramani ya dunia, tafuta Ncha ya Kaskazini, juu kabisa. Kapelini anaishi kuizunguka ncha hiyo. Yupo katika pwani za Kanada, Grinlandi, Aislandi, Norwei na Urusi, na yupo pia upande wa pili, katika Bahari ya Pasifiki ya kaskazini.

Maji ya bahari ya Dar es Salaam au Mombasa huwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi. Kapelini muda mwingi wa maisha yake hukaa katika maji ya chini ya nyuzi 5, na mara nyingi karibu na sifuri. Labda utauliza: maji ya sifuri si yameshakuwa barafu? Maji ya kisima, ndiyo. Lakini maji ya bahari yana chumvi, na chumvi huyazuia yasigande mpaka baridi ishuke karibu nyuzi mbili chini ya sifuri. Kwa hiyo bahari inaweza kuwa baridi kuliko barafu ya maji matamu na bado ikawa maji.

Kwa nini samaki akubali kukaa mahali kama pale? Kwa sababu ya chakula. Miezi ya baridi, tangu Desemba hadi Machi, jua la kule huonekana muda mfupi tu kila siku, na mbali zaidi kaskazini halionekani kabisa kwa wiki nyingi. Bahari inafunikwa na barafu. Mwezi wa Aprili na Mei jua hurudi, barafu huanza kuyeyuka, na mwanga huingia majini. Hapo mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho, huchipua kwa wingi mpaka maji hubadilika rangi. Mimea hiyo huliwa na wadudu wa majini wa jamii ya uduvi. Wengine ni wadogo kama punje ya ulezi. Wadudu hawa ndio chakula cha kapelini. Yeye hufuata ukingo wa barafu kadiri inavyoyeyuka kuelekea kaskazini, kama wafugaji wanavyofuata majani mabichi baada ya mvua. Huko hula, hunenepa na kujaa mafuta.

Na hapo ndipo zamu ya wengine inapofika. Nyangumi mkubwa wa urefu wa basi husafiri maelfu ya kilomita kutoka bahari za joto kuja kumla kapelini. Sili, mnyama wa baharini anayenyonyesha watoto wake juu ya barafu, humla. Ndege wa baharini huwabebea makinda wao kapelini midomoni. Lakini anayemtegemea zaidi ni samaki mkubwa anayeitwa kodi. (Si ile kodi tunayolipa serikalini! Jina tu limefanana.) Kodi ni samaki wa nyama nyeupe, nyingi, isiyo na mafuta. Akikaushwa kwa chumvi hukaa miezi mingi bila kuoza, na kwa mamia ya miaka amelisha watu wa Ulaya na visiwa vya Amerika. Kodi mkubwa hawezi kushiba kwa kuokota uduvi mmoja mmoja. Kapelini humkusanyia uduvi huo katika mwili wake, akawa kama gunia lililojaa tayari, na kodi humeza gunia zima.

Samaki anayepanda nchi kavu

Mashariki ya Kanada kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Newfoundland. Ukikilinganisha na Unguja, ni kikubwa mara 60 na zaidi, lakini watu wake ni kama nusu milioni tu. Ardhi yake ni mawe mengi na udongo kidogo. Mkondo wa maji baridi kutoka kaskazini, uitwao mkondo wa Labrador, hupita kando yake, na katika miezi ya Mei na Juni watu husimama mlangoni wakaona vilima vya barafu vikielea baharini. Watu wa kisiwa hicho, wengi wao wazao wa Waingereza na Waayalandi, walijenga vijiji vyao kando ya ghuba ndogondogo kwa sababu moja tu: uvuvi.

Kila mwaka, karibu na Juni na Julai, kapelini huja kwenye fuko za kisiwa hicho kuzaa. Madume hutangulia. Hukusanyika karibu na nchi kavu kwa maelfu na maelfu mpaka maji huonekana meusi. Majike hungoja kwenye kina kirefu hadi mayai yao yakomae. Kisha jioni, au usiku, au hata mchana ikiwa kuna mawingu, majike huanza kuja. Dume mmoja humbana jike kushoto, mwingine kulia, na wataalamu husema ule ukanda wa magamba huwasaidia kumshika. Watatu hao hupanda pamoja juu ya wimbi, na wimbi huwatupa juu ya changarawe. Kwa nukta chache, wakati maji yanarudi, jike humwaga mayai na madume humwaga mbegu zao. Wimbi linalofuata huwabeba na kuwarudisha baharini. Wasipowahi wimbi hilo, hubaki pale pale wakafa.

Jike akishamaliza huondoka. Dume hurudi tena na tena kwa majike wengine, mpaka nguvu zinamwishia. Madume wengi hufa msimu huo huo. Asubuhi unakuta ufuko umefunikwa na samaki waliokufa, na ndege wamejazana. Watu wa Newfoundland wana msemo wao. Husema kapelini "wanabiringika", na habari hiyo ikitoka kijiji kizima huteremka pwani na ndoo.

Nilipowasomea habari hii wanakisomo wa darasa moja, mzee mmoja alicheka sana. Aliuliza kama samaki huyo hana akili, maana bahari yote ile ipo na yeye anakwenda kujiua mchangani. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyofikiri, na linafaa lijibiwe vizuri.

Mayai ya kapelini ni madogo, kama kichwa cha pini, na yana utomvu unaonata. Yakiguswa na changarawe hushikamana nayo. Mawimbi huyafukia, tabaka juu ya tabaka. Chini ya changarawe yanakuwa salama, kwa sababu huko baharini wapo samaki wengi wanaotafuta mayai ya wenzao. Tena ufukweni jua hupasha joto changarawe wakati maji yamekupwa, na mayai hukua upesi zaidi kuliko yangekua katika kina cha baridi. Joto likiwa nyuzi 10, huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Likiwa nyuzi 5, huchukua karibu mwezi. Kwa hiyo samaki huyu hakukosa akili. Amewatafutia watoto wake chumba chenye joto na mlango uliofungwa.

Hata changarawe yenyewe si yoyote. Mchanga laini haumfai, kwa sababu mayai hukosa hewa. Mawe makubwa hayamfai pia. Anataka changarawe za ukubwa kati ya punje ya mtama na punje ya haragwe. Na maji yawe kati ya nyuzi 6 na 10 hivi. Maji ya ufukweni yakizidi joto, huacha kuja, akazaa chini ya bahari, mahali penye changarawe na baridi zaidi. Mtu anayechota changarawe za ufuko ule kwa lori katika mwezi wa Julai, ajue amechota na mayai.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mimi linanishangaza kuliko yote. Watoto wa kapelini wakishaanguliwa, hawatoki mara moja. Wana urefu wa nusu sentimita tu, na akiba yao ya chakula ni ile waliyotoka nayo kwenye yai. Hata hivyo hukaa ndani ya changarawe wakingoja. Wanangoja upepo. Upepo ukivuma kutoka baharini kwenda nchi kavu, husukuma ufukweni maji ya juu, yenye joto kidogo na chakula kingi cha kuwafaa. Maadui nao huwa wachache katika maji hayo. Mawimbi ya upepo huo hufukua changarawe, na hapo watoto wote hutoka kwa pamoja. Upepo ukikawia siku nyingi, akiba yao huisha na hutoka wakiwa dhaifu. Wataalamu wa Kanada waligundua jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tangu hapo wamejua kwamba mwaka wenye kapelini wengi au wachache huanza kuamuliwa katika siku hizo chache, na upepo.

Si kapelini wote wanaozaa ufukweni. Wale wa Aislandi na wale wa Bahari ya Barents, iliyo kaskazini ya Norwei na Urusi, huzaa chini ya bahari, mapema zaidi, kati ya Februari na Aprili. Lakini nao hutaka changarawe.

Kazi ya kapelini kijijini

Katika vijiji vya Newfoundland mwezi wa kapelini ulikuwa mwezi wa kazi kwa nyumba nzima. Wanaume walirusha vimia kutoka juu ya mawe au kutoka kwenye mashua. Wanawake na watoto walichota ufukweni kwa nyavu zenye mipini, au kwa ndoo tu. Hali ya hewa ya siku hizo huwa mbaya: ukungu, manyunyu, na upepo baridi kutoka baharini. Hata sasa hali hiyo huitwa "hewa ya kapelini", na hakuna anayeinung'unikia sana.

Samaki aliyepatikana aligawanywa kwa matumizi. Wengine walilowekwa katika maji ya chumvi, wakaanikwa juu ya chanja au juu ya mawe mpaka wakauke, wakawekwa akiba ya majira ya baridi. Waliliwa kwa kuchomwa juu ya jiko. Wengine walipewa mbwa, ambao sehemu za kaskazini walikuwa wakivuta magari ya barafuni. Wengine walikuwa chambo cha kodi, kwa sababu kodi hufuata kapelini mpaka karibu na nchi, na mvuvi hupenda kumpa samaki kile anachokitafuta. Na waliobaki, tena wengi sana, walipelekwa shambani.

Nimesema udongo wa kisiwa kile ni kidogo. Wakulima walichimba matuta, wakatandaza kapelini pamoja na mwani, wakafunika kwa udongo, wakapanda viazi. Harufu yake, wanaosimulia wanasema, ilijaza kijiji kwa wiki nzima! Lakini viazi vilikubali. Basi kapelini alikuwa chakula, chambo na mbolea kwa wakati mmoja, naye hakununuliwa. Familia isiyokuwa na fedha taslimu iliweza kupitisha majira ya baridi kwa viazi, kodi na kapelini wakavu.

Meli zinakuja

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1970. Meli kubwa kutoka nchi nyingine, hasa Muungano wa Kisovieti wa wakati ule na Norwei, zilikuja kuvua kapelini mbali na pwani. Mwaka 1976 zilivua zaidi ya tani laki 3 katika bahari ya Newfoundland na Labrador. Ukitumia malori ya tani 10, ungehitaji malori 30,000 kuwabeba. Wengi wao hawakuliwa na watu. Walisagwa wakawa unga wa samaki na mafuta, na unga ukalisha kuku na nguruwe. Nasi tunalijua jambo hili, maana dagaa wetu pia anagombaniwa na viwanda vya chakula cha kuku. Mama anayenunua kwa kopo hana nguvu ya kushindana na anayenunua kwa tani.

Mwaka 1977 Kanada ilitangaza kwamba bahari yake inafika kilomita 370 kutoka pwani, na meli za nje zikapunguzwa. Lakini soko jingine lilifunguliwa. Wajapani hupenda kula kapelini jike mzima, akiwa na mayai tumboni, kwa kumchoma. Samaki wao wa aina hiyo walikuwa wamepungua, kwa hiyo wakanunua wa nje. Wavuvi wa Newfoundland wakapata fedha nzuri kwa majike yenye mayai. Madume hayakutakiwa. Katika miaka mingi ya 1980 madume yalitenganishwa na majike, na mengi yakatupwa. Hebu fikiri. Kitu kilichokuwa mbolea, chambo na mboga, sasa nusu yake ni takataka. Simlaumu mvuvi aliyeuza, maana alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini mpango wenyewe ulikuwa mbovu, na wazee wa vijiji walisema hivyo wakati ule ule.

Mwaka bahari ilipokuwa tupu

Mwaka 1991 ulikuwa mwaka wa baridi isiyo ya kawaida katika bahari ile. Barafu ilikuwa nyingi na ilichelewa kuyeyuka. Kapelini waliokuwa wakihesabiwa kwa tani milioni kadhaa walipungua ghafla, ikabaki sehemu ndogo tu. Waliofika ufukweni walikuwa wafupi kuliko zamani, na walichelewa kwa wiki tatu au nne.

Kwa upande wa kodi mambo yalikuwa yameharibika tangu zamani. Mwaka 1968 meli za nchi mbalimbali zilivua karibu tani laki 8 za kodi katika bahari hiyo, kiasi ambacho hakikuwahi kuvuliwa kabla yake wala baada yake. Baadaye meli za Kanada yenyewe ziliendelea kuvua kupita kiasi. Basi kodi wachache waliokuwa wamebaki wakakutwa na njaa juu ya uchache wao. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada ilipiga marufuku uvuvi wa kodi wa kaskazini. Katika siku moja watu wapatao 30,000, wavuvi na wafanya kazi wa viwanda vya samaki, walikosa kazi. Waliambiwa ni kwa miaka miwili. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi wa Juni 2024, baada ya miaka 32, na kiasi kilichoruhusiwa ni tani 18,000 tu kwa mwaka huo.

Vijiji vingine vilibaki na wazee peke yao. Vijana walihamia bara, kwenye visima vya mafuta na miji mikubwa. Shule zilifungwa kwa kukosa watoto.

Ni nani aliyemwondoa kapelini? Wataalamu hawajakubaliana wote. Wako wanaotaja uvuvi. Wengi wanataja zaidi barafu, na maelezo yao yanastahili kusikilizwa. Kumbuka ile mimea midogo inayochipua barafu inapoyeyuka, na wadudu wanaoila. Barafu ikiyeyuka kwa wakati wake, chakula hutokea wakati kapelini anakihitaji. Ikichelewa sana, au ikiwahi sana, chakula na mlaji hupishana. Ni kama mvua inayonyesha kabla hujapanda, au baada ya mche kukauka. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wingi wa kapelini wa Newfoundland hufuata tarehe ya kuyeyuka kwa barafu mwaka hadi mwaka. Sasa dunia inazidi joto, na barafu ya kaskazini inapungua. Kwa hiyo hatari ya siku zijazo ni barafu kuwahi, badala ya kuchelewa kama mwaka 1991.

Kuhusu kodi hakuna ubishi mkubwa. Alivuliwa kupita kiasi, na kukosa kapelini kumemfanya achelewe kupona. Kodi aliyekonda hana mayai mengi, na mwingine hafiki mwaka unaofuata.

Upande wa pili wa bahari

Jambo kama hilo lilikuwa limetokea miaka michache kabla yake katika Bahari ya Barents. Mwaka 1977 huko peke yake walivuliwa kapelini karibu tani milioni 3. Kisha mwaka 1983 samaki wengine, heringi, walizaa sana, na watoto wao wakaingia bahari ile na kula watoto wachanga wa kapelini. Uvuvi haukupunguzwa upesi. Mwaka 1984 kapelini walikadiriwa kuwa tani milioni 3 hivi. Mwaka 1986 walikuwa hawafiki tani laki 2.

Angalia yaliyofuata. Kodi wa huko walikosa chakula wakaanza kula watoto wao wenyewe. Katika kisiwa kimoja cha Norwei kiitwacho Bjørnøya, ndege wa aina moja waliotegemea kapelini walipungua kwa zaidi ya robo tatu katika majira moja tu ya baridi, ya 1986 na 1987. Sili wenye njaa waliteremka kwa makundi makubwa hadi pwani ya Norwei, mahali ambapo hawakuzoeleka, wakanaswa katika nyavu za wavuvi na kufa maji kwa makumi ya maelfu. Nyavu zilichanika na wavuvi wakapata hasara. Yote hayo kwa ajili ya samaki wa urefu wa penseli.

Lakini Norwei na Muungano wa Kisovieti walifunga uvuvi wa kapelini. Kufikia mwaka 1991 walikuwa wamerudi kwa tani milioni kadhaa, na uvuvi ukafunguliwa. Samaki anayeishi miaka michache na kuzaa mayai kwa maelfu anaweza kupona upesi akiachwa, na maji yakimkubali. Baada ya hapo wamepungua tena zaidi ya mara moja, na kila mara uvuvi umefungwa. Siku hizi nchi zile mbili, Norwei na Urusi, hupima kapelini kila mwaka kwa vyombo vinavyotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Kwanza hukadiria ni kiasi gani kodi atakula, na kilichobaki juu ya hapo ndicho wavuvi wanaweza kupewa. Kodi anahesabiwa kama mtu mwenye haki yake mezani. Mimi naona huo ni utaratibu wa busara. Aislandi nayo haikuruhusu uvuvi wowote wa kapelini mwaka 2019 wala 2020, ingawa samaki huyo huiletea nchi hiyo fedha nyingi, kwa sababu waliopatikana katika upimaji walikuwa wachache mno.

Newfoundland haikupata bahati hiyo. Kapelini wake hawajarudia wingi wa miaka ya 1980. Miaka mingine huongezeka kidogo, watu wakapata matumaini, kisha hupungua. Uvuvi mdogo wa biashara bado unaruhusiwa, na kila mwaka huzuka mabishano. Wako wanaotaka usimamishwe kabisa mpaka kodi ashibe. Wavuvi hujibu kwamba wanachochukua ni kidogo sana kikilinganishwa na wanachokula nyangumi na samaki wengine, na kwamba wao nao wana nyumba za kutunza.

Wenye ndoo bado wanakwenda ufukweni. Siku hizi hupigiana simu, na picha ya kapelini wakibiringika katika ghuba moja hufika ghuba ya pili kabla wimbi halijarudi. Bibi huja na wajukuu waliorudi likizo kutoka bara, wakasimama katika ukungu wakitazama maji kama yamegeuka kuwa meusi. Bibi alipokuwa msichana, waliteremka pwani mwezi wa Juni. Wajukuu wake wanaujua mwezi wa Julai.